Mapigo ya moyo ya mzee yanasoma 44, nimwachishe dawa ya presha?

Kitindamimba: Wakuu habari zenu. Mzee wangu ana miaka 71, ana presha muda mrefu na dawa anameza vizuri tu. Sasa mimi kwenye ile mashine huwa naangalia namba mbili za presha basi, juzi ndo nikashtuka ile ya mapigo inasoma 44, nikarudia asubuhi 46, jioni 43. Presha yenyewe 128/74, safi. Anasema yuko fiti ila siku hizi akipanda ngazi anasimama katikati, na akiinuka ghafla lazima ashike ukuta. Nimegugo wanasema kawaida ni 60 hadi 100. Nimwachishe dawa kwanza au?

Mbio_Ndefu: Usipaniki mkuu. Mimi nikipumzika napiga 48 na niko poa kabisa, usiku saa inaonyesha mpaka 40. Moyo wa mtu wa mazoezi una nguvu, pigo moja linasukuma damu nyingi so hauna haja ya kupiga mara nyingi.

NesiZamu: Mbio_Ndefu wewe ni wewe bana, mzee anayeshika ukuta ni habari nyingine. Namba peke yake haitoshi, unaiangalia pamoja na dalili: kizunguzungu, kuchoka ovyo, pumzi kukata, kuzimia.

Kitindamimba, dawa USIMKATIE kienyeji. Kama ni hizi za kina atenolol, bisoprolol, propranolol, ukizikata ghafla moyo unaweza kuanza kwenda mbio na presha ikapanda, na kama mishipa ya moyo ina shida ndo balaa zaidi. Mpeleke akapigwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo), wampime potasiamu na homoni za thairoidi, maana tezi ikizubaa na moyo unazubaa. Akizimia, kifua kikimbana, akianza kuchanganyikiwa au kuhema kwa shida hapo usisubiri miadi, ni emajensi. Na mpime kwa vidole pale kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, dakika nzima, kuna mapigo yanawahi kuja yakiwa dhaifu na mashine inayaruka. Halafu andika dawa ZOTE anazotumia, mpaka za kupaka na matone ya macho.

Kitindamimba: Matone? Anayo, ya presha ya macho, timolol, asubuhi na jioni. Na kidonge ni atenolol kweli. Jicho na moyo wapi na wapi?

NesiZamu: Aisee. Timolol na atenolol ni kundi moja, la dawa zinazopunguza kasi ya moyo. Tone likiingia jichoni sehemu yake inashuka na njia ya machozi mpaka puani, inafyonzwa inaingia kwenye damu bila hata kupita kwenye ini kwanza. Kwa hiyo mzee anapata dawa ya aina moja juu na chini, na pengine daktari wa macho na wa presha hakuna anayejua mwenzake kaandika nini, hii inatokea sana. Sisemi ndo sababu bila ECG, inawezekana mfumo wa umeme wa moyo umechoka kwa umri, au umeme unakwama kati ya vyumba vya juu na vya chini, na dawa zimekuja kuanika tu tatizo lililokuwepo.

BetriKifuani: Na wakikuta umeme umekwama msiogope kifaa, ile pacemaker inayousukuma moyo upige kwa umeme. Mimi ninacho, walinipiga ganzi tu hapa chini ya mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, waya ukapitishwa kwenye mshipa mpaka ndani ya moyo. Betri inakaa miaka mingi, simu tu siweki mfuko wa shati upande huo. Mtu wa kwanza kupandikizwa, Arne Larsson wa Uswidi mwaka 1958, kifaa chake kilizima baada ya masaa machache tu, akabadilishiwa zaidi ya mara 20 na akaishi hadi 2001, miaka 86!

Kitindamimba: Asanteni sana. Kliniki nimepata nafasi keshokutwa. Sasa atenolol ya kesho asubuhi nimpe nisimpe?

NesiZamu: Hilo asikujibu mtu wa humu, hata mimi. Piga simu leo leo kwa daktari aliyeiandika, mwambie mapigo 44, kizunguzungu, na timolol juu yake. Anaweza kupunguza dozi au kusema leteni mzee leo hii. Chupa ya matone na vidonge vyote viende kwenye mfuko mmoja, usitegemee kukumbuka majina.