Mrejesho: sedani ya kifahari, hatimaye nimechagua

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nichukue ipi kati ya BMW 5 Series ya 2023, Mercedes E-Class ya mwaka huohuo na Genesis G80 iliyotoka 2020. Wengi mlinisukuma kwa E-Class, na mmoja akasema nikichagua kwa sura nitajuta. Basi nimechagua kwa sura.

BMW niliiondoa mapema. Ina zaidi ya mita 5, na ukiitazama kwa ubavu unaona kabisa imenenepa. Nje ya hapo sina ugomvi nayo.

E-Class ndiyo iliyoniumiza kichwa. Ndani imetulia, kiti kinakupokea vizuri. Kisha nikazunguka nyuma, taa zikawaka: nyota za nembo ndani ya taa zenyewe! Nembo iko kwenye grili (ule wavu wa mbele), iko kwenye usukani, na bado taa nazo zinitangazie? Mke wangu alicheka, akasema sitaziona nikiwa naendesha. Kweli, ila nitaziona kila nikifungua buti.

G80 nimeichukua. Ile mistari miwili ya taa inaanzia mbele, inajirudia ubavuni nyuma ya tairi la mbele, halafu inamalizikia nyuma. Paa linashuka taratibu hadi kwenye buti. Grili ni kubwa, sibishi. Mlionya na mlikuwa sahihi. Rangi nyeusi imeificha kiasi.

Aliyenishauri nikae kiti cha nyuma kabla ya kulipa, ahsante sana. Magoti yanapata nafasi.