AMEZIBA PUMZI YA VOLVO 240 KWA BOLTI YA 13, HALAFU ANATAKA ASANTE!!!

Sanduku_la_Torslanda

Wakuu, jina la fundi sitaji. Mnamjua. Yule yule wa ovaroli safi kuliko shati la bwana harusi, anayesikiliza injini kafumba macho kama mganga aliyepandisha. Nusu yenu mmeshalia kwake, nusu nyingine zamu inakuja.

Volvo 240 ya mwaka 1990, injini B230F. Imeingia kwake kwa oili, filta na plagi. BASI. Oili pamoja na filta haifiki lita nne, plagi nne za pengo 0.7 mm, kazi ya kumalizika supu ikiwa bado ya moto. Imetoka na BOLTI. Bolti ya 13, imechomekwa kwenye mpira wa pumzi ya injini na kukazwa klipu mpaka mpira umetoa ulimi.

Anaulizwa hiki nini, anajibu bila kupepesa: "Palikuwa panatoa moshi, nimepaziba. Nishukuru, bolti sijakuchaji."

Sijakuchaji!!! Yaani hapo mtu ujue kuna bili ya bolti imesamehewa.

Kwa wageni wa hizi mashine: hata ringi zikiwa mpya, kuna gesi inapenya pembeni mwa pistoni na kushuka kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini. Lazima ipate pa kutokea. Kwenye B230 njia yake ni kile kisanduku cheusi cha plastiki ubavuni mwa bloki, chini ya manifoldi ya hewa. Humo oili inajitenga na kurudi chini, gesi inapanda na mpira, inapita kwenye flemu trapu, kisahani cha plastiki chenye vitundu kama chujio la chai, halafu injini inaivuta na kuichoma. Mpira mnene unakwenda kwenye bomba la hewa kabla ya throtoli, mwembamba kama mrija wa soda unaingia kwenye manifoldi. Vitundu vikijaa lami, gesi inakosa njia na moshi unaanza kutafuta upenyo. Dawa yake ni kukichomoa kile kisahani na kukiosha kwa petroli. Kimekwisha? Unaweka kingine, ni kiplastiki cha bei ya chakula cha mchana.

Sasa yeye kauona moshi, kachukua bolti. Mjumbe hauawi, huyu kamnyonga kwa klipu.

Kitakachofuata kinajulikana. Kijiti cha kupimia oili kinaanza kujinyanyua chenyewe. Kisha sili ya kamshafti mbele inalia, oili inamwagikia taimingi belti. Kisha sili ya nyuma ya krenki, na hapo ndipo pa kutoa machozi: sili yenyewe kipete cha mpira tu, lakini kukifikia mpaka giaboksi nzima ya AW70 ishushwe chini, watu wawili na jeki. Yote kwa sababu ya bolti. Bolti ambayo SIJACHAJIWA.

Wa kusema "uza, chukua Toyota IST" aende jukwaa la siasa.

Jiko_la_Mkaa

Uzi mrefu kuliko station wagon yenyewe. Lakini mkuu, 240 inaachwaje gereji peke yake? Hata mtoto wa chekechea anasubiriwa getini.

Nati_Moja

😂😂😂 "Bolti sijakuchaji". Nimecheka mpaka bosi kageuka.

Fundi_Kimya

Pole mkuu. Ulivyochomoa bolti usiwashe gari ukaondoka ukadhani yameisha. Washa, iache ipate moto, ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) fungua kifuniko cha oili uvishe tundu glovu ya mpira, zile za hospitali. Ikinywea na kuvutwa ndani, pumzi nzuri. Ikisimama na kukupungia vidole vitano, bado kumeziba.

Na wengi wanaosha kisahani wanasahau ile nipo, kijibomba kidogo cha kuchomekea mpira mwembamba kwenye manifoldi. Ile nayo inajaa masizi, chokonoa kwa waya mgumu. Kisanduku kikishatolewa, o-ringi ya chini yake ibadilishwe, usirudishe ya zamani maana imeshakuwa kama plastiki, itavuja oili ubavuni na watu watakwambia gasketi ya hedi imekufa.

Sanduku_la_Torslanda

Glovu imesimama. Imenipungia. Hata glovu inamjua.

Bibi_Saab

Bolti tu mwenzangu? Wewe umependelewa. HUYO HUYO, au pacha wake, klachi ya Saab 900 kaitafuta kwa kushusha injini. INJINI NZIMA! Na giaboksi ikiwa imening'inia chini yake, maana kwenye 900 injini imekaa juu ya giaboksi, vinatoka pamoja kama mama na mtoto mgongoni.

Kwa faida ya wote: injini ya 900 ya zamani imegeuzwa nyuma mbele. Cheni iko huku kwenye ukuta wa dashibodi, klachi iko MBELE, inatazama rejeta. Ukifungua boneti unaweza kuisalimia. Toa kava yake, kanyaga pedali, chomeka pete ya kuibana presha pleti ibaki imelala, fungua kifuniko kidogo cha mbele, vuta shafti kwa pula, kisha presha pleti, sahani na silinda ya klachi vinanyanyuliwa juu kwa pamoja. Silinda ile imeizunguka shafti, ibadilishe hapo hapo, usije ukarudia kazi wiki mbili baadaye. Injini haiguswi!

Halafu akamalizia kwa gia oili ya 90. Giaboksi ya gia tano ya mwishoni mwa miaka ya 80 inataka oili ya INJINI, ya madini, 10W-30 au 10W-40. Ukiitilia uji ule wa 90, asubuhi gia ya pili inaingia kwa maombi.

Jiko_la_Mkaa

Bibi Saab, huyo hakuuliza pia mbona switchi ya ufunguo iko katikati ya viti na haitoki mpaka uweke rivasi?

Bibi_Saab

Aliuliza. Aliita "hitilafu". Alitaka kuihamishia kwenye usukani.

Grogan_Boy

Nyinyi huko mnalilia bolti. Huku Kenya gari ikipita miaka minane haingii nchini, kwa hivyo 240 zilizobaki ndizo hizo hizo, hakuna zingine zinakuja. Na ukipata ya kabla ya 1988, waya za injini zimeoza: ganda linabomoka ukilishika kama keki kavu, shaba inabaki uchi, inagusana. Gari inamisi, inazima, makanika anabadilisha kompyuta, anabadilisha pampu, anabadilisha mpaka mwenye gari. Kumbe ni waya tu! Fungua ule mkanda mweusi karibu na injini, kunja waya mmoja polepole. Ukipasuka, wacha kubahatisha, badilisha mkongo mzima wa injini. Za 1988 kwenda mbele ziko sawa.

Na huyo jamaa yenu wa bolti ana binamu hapa. Dawa yake kwa kila Volvo ni moja: "Tuweke injini ya Toyota." Taa ya breki imeungua? Injini ya Toyota.

Sanduku_la_Torslanda

TURUDI KWENYE BOLTI. Mnajua aliifunga na nini zaidi ya klipu? SILIKONI. Silikoni nyekundu. Ili isipumue hata kwa bahati mbaya. Nimeikwangua kwa kisu cha mezani.

Nati_Moja

Bado hajaisamehe bolti huyu.

Mswahili_Goteborg

Salamu kutoka Sweden, zilikozaliwa. Nyie angalau mnazitengeneza. Huku watoto wa miaka 15 wanazichukua 240, wanatoa viti vya nyuma, wanazifunga mwendo usipite kilomita 30 kwa saa, wanabandika pembetatu nyekundu nyuma, wanaita trekta. SHERIA INARUHUSU, leseni ya mopedi tu inatosha. Unakuta station wagon safi, kiti hakijachanika, inakokota foleni ya magari arobaini huku muziki unatikisa vioo. Gari iliyotengenezwa toka 1974 mpaka 1993 iwe ya kukimbiza kuku! Mtu akishafikisha gari miaka 30 huku halipii tena kodi ya barabara, badala ya kulitunza anampa mjukuu akate.

Grogan_Boy

Wacha kulia kwa Kiswedi. Tuma flemu trapu tano na kioo cha taa ya nyuma ya wagon, kushoto.

Bibi_Saab

Na mpira wa hapo kwenye kava ya klachi. Na kitambaa cha dari. Cha kwangu kimenishukia kichwani kama chandarua.

Mwana_Kibaha

Samahanini wenye sanduku. Msweden wa kweli ni Scania. Kibaha hapa ziliunganishwa, na zingine mpaka leo zinapanda mlima Kitonga na mzigo. Hizo zenu zinataka glovu za hospitali.

Jiko_la_Mkaa

Haya, wa malori kaingia. Funga mlango.

Bibi_Saab

Mwana Kibaha, Saab na Scania walikuwa kampuni moja 1969 mpaka 1995. Kwa hiyo unamtukana shemeji yako.

Mwana_Kibaha

Shemeji aliyefilisika 2011? Salamu zimfikie huko kwao Trollhättan.

Bibi_Saab

HAPO UMENIGUSA. Uzi wangu naufungua kesho na mtakoma.

Dereva_wa_Zamu

Wakuu naomba nichomekee. 240 inazima saa saba mchana juani, stata inazunguka vizuri, haiwaki. Saa kumi na mbili jioni inawaka kama haijawahi kuumwa. Yule mtaalamu (ndiyo, HUYO) kasema tangi lina shetani. Au ni bolti?

Fundi_Kimya

Si shetani na si bolti. Anza na rilei ya pampu ya mafuta. Vichomeo vya risasi ndani yake vinapasuka, joto likipanda mpasuko unaachia, kukipoa unagusana. Kwenye 240 ipo chini ya dashibodi upande wa abiria, nyuma ya boksi la glovu; kwenye 740 na 940 toa kibakuli cha majivu katikati, iko nyuma yake. Fungua ganda, tazama kwa kioo cha kukuzia: utaona kipete cheusi chembamba kimezunguka mguu wa pini. Yeyusha risasi upya, pini zote, si moja.

Rilei ikiwa nzima, nenda fyuzi. Za 240 ni zile za zamani zenye ncha mbili, zinaota kutu. Zizungushe kwa kidole kila moja, ukiona kijani paka msasa laini. Halafu ipo moja ya ampia 25 peke yake ndani ya boneti, karibu na betri, inalisha mfumo wa LH, ule wa kupuliza petroli kwenye injini. Hiyo ndiyo muuaji, kishikio chake kinaoza hakuna anayekitazama.

Na kama pampu ya chini ya gari inalia kama nyuki, kosa huenda si lake. Ni pampu ndogo ya ndani ya tangi imekufa, au kimpira chake kimechanika, ya chini inavuta peke yake. Ukiibadilisha ya chini ukaacha ya ndani, mpya nayo itakufa.

Dereva_wa_Zamu

Kipete cheusi nimekiona. Pini tatu. Ubarikiwe mkuu.

Sanduku_la_Torslanda

Mmeona? Wote mmenipita. Uzi ni wangu, jamaa kaja na shetani wa tangi kapona ndani ya dakika ishirini, mimi bado naosha silikoni. Na sasa nimeona mbele kuna unyevu wa oili kwenye kava ya taimingi. YA KAMSHAFTI IMESHAANZA. Kwa ajili ya BOLTI.

Fundi_Kimya

Usiendeshe sana hivyo, belti ikilowa oili inaweza kuruka meno. Afadhali B230F yako haigonganishi valvu na pistoni, belti ikikatika unasimama tu barabarani. Ukifungua, badilisha sili zote tatu za mbele: kamshafti, shafti ya kati na krenki. Kwenye 240 usidharau alama ya shafti ya kati, ndiyo inayozungusha distribyuta. Belti mpya papo hapo, kila kilomita 80,000. Ila pumzi KWANZA. Ukiweka sili mpya kabla ya kuosha pumzi umenunua za kumwaga.

Jiko_la_Mkaa

Na pengo la valvu je, si anakwenda kupima?

Fundi_Kimya

Zikilia. Injini baridi, 0.35 mpaka 0.40 mm, zinarekebishwa kwa vijisahani. Asipewe yule, atachomeka sarafu.

Grogan_Boy

@Mswahili_Goteborg kioo cha KUSHOTO. Si kulia kama mara ya mwisho.

Mwana_Kibaha

Kuna mtu anauza gari la kukokota la Scania 113? Naulizia humu humu kwa kuwa mmekusanyika.

Nati_Moja

Mkuu mwenye uzi, samahani kidogo. Hiyo bolti ya 13 umeshaitupa? Urefu wake kiasi gani? Kibraketi cha altaneta yangu kimekosa moja.