Mdoli wa kitambaa shingo inalala, nakosea wapi?

mamatatu_isevya
Mwangaluka wadau. Niko Tabora mjini, kazi yangu ni magauni na sare za shule ila tangu mwezi wa nne nimeanza kushona midoli ya vitenge, ile ya mkono kabisa, kila mmoja na sura yake na kilemba chake, vipande vinabaki kwenye magauni ya wateja kwa hiyo kitambaa sinunui. Shida ni shingo jamani. Nikimaliza kumjaza anasimama vizuri tu, nampiga picha namweka status, siku ya tatu ya nne kichwa kimelala begani kama abiria wa treni ya usiku. Juzi mteja kanirudishia wawili kwa mpigo, mmoja mtoto kamtikisa kidogo tu mshono wa kwapani ukaachia, nikarudisha hela yote 24,000 maana aibu niliyoona siwezi kuisema. Najaza na vipande vya kitenge nilivyokatakata vidogo vidogo, na shingo naifanya nyembamba maana ikiwa nene namuona kama bondia. Na ngozi mnatumia kitambaa gani? Kahawia napata ya tetroni tu na inateleza balaa.

fundi_ngambo
Dada ugonjwa ni hivyo vipande. Vizito halafu havishikani, ukimbinya tumbo unasikia kama gunia la maharage, na kila akishikwa vinashuka chini, sasa kichwani pakibaki hewa shingo inabebwa na nini? Tafuta zile nyuzi nyeupe za kwenye mito ya dukani, au pamba iliyochambuliwa, tuko jirani na Igunga na Nzega wanakolima pamba jamani, ila isiwe na mbegu. Sufi pia inajaza vizuri na ni nyepesi, mi nilijazia mwaka jana nikapiga chafya wiki nzima, afu ukimfua mdoli inaganda mabonge, sirudii.
Jaza kidogo kidogo, donge la ukubwa wa karanga, sukuma kwa kijiti cha mshikaki ulichokisaga ncha ukutani. Ukitia bonge kubwa linakuachia mashimo pembeni. Shingo ijaze mpaka kidole kisizame. Halafu angalia umekataje, kitambaa ukikata mshazari kinavutika hata ujaze vipi, shingo ifuate nyuzi. Ukiitaka nyembamba hivyo hivyo mpitishie kijiti toka katikati ya kichwa hadi kifuani, kizungushie kitambaa kwanza.

ujiji_mama
Naomba nimpinge fundi hapo kwenye kijiti. Mdoli wa kukaa kabatini sawa, wa mtoto hapana, siku kikivunjika ndani kinatoka na mtoto ndo anakikuta. Wa mtoto mfanyie shingo fupi nene kidogo, kichwa ukishone juu ya kiwiliwili kwa mkono kuzunguka mara mbili, bondia au sio bondia ndo atakaa. Na macho usiweke vifungo kwa wadogo wa chini ya miaka mitatu, vinang'oka wanameza, darizi kwa uzi.
Kwapa: kabla hujageuza kata vijichale kwenye ile kona ya mkono na kiwiliwili, vikaribie mshono visiuguse, usipokata kitambaa kinavutana na mshono ndo unabeba mzigo wote. Hatua za cherehani ziwe fupi na pale kwapani pita mara mbili.
Ngozi mi natumia marekani, ile nguo ya pamba isiyopaushwa. Naifua kwanza itoke wanga, nachemsha majani ya chai mengi yawe meusi, chumvi kijiko, nazamisha kutwa nzima. Ikishakauka inafifia kwa hiyo itoe ikiwa imekolea kuliko unavyotaka. Huku Kigoma nimejaribu na kahawa ya Kalinzi, rangi nzuri mno ila mdoli alinukia mgahawa mwezi mzima. Na hilo jina marekani ni kwa sababu kilitoka huko huko kwa meli mpaka Zanzibar, misafara ikakipandisha Tabora hadi kwetu Ujiji, wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wanalipwa nguo hii. Leo tunawavalisha midoli.

kaka_mzigo
12,000 kwa mdoli?? Wa Mchina 3,000 na anafumba macho

ujiji_mama
@kaka_mzigo kanunue. Sisi tulicheza na magunzi tukayafunga ndevu za mahindi kuwa nywele, hatukumlaumu mtu.

mamatatu_isevya
Asanteni sana, nimerudi na majibu. Yule aliyerudishwa nimempasua, kichwani mlikuwa na hewa tupu ya kujaa kiganja, vitenge vyote viko makalioni, nimecheka peke yangu. Nimenunua mto mmoja sokoni nikauchana umejaza midoli mitatu na nyuzi zimebaki. Kijiti nimemtilia mmoja tu wa kabatini. Wa mtoto nimemfupisha shingo kama alivyosema mama wa Ujiji, ana siku ya sita juu ya cherehani na mtikisiko wote ule wa kukanyaga hajainamisha kichwa. Chai nimeipatia, ila nilikunja marekani nikiwa naizamisha kwa hiyo mmoja ana mabaka shavuni, binti yangu kamchukua huyo huyo hataki auzwe.

fundi_ngambo
Ukizamisha geuza geuza kwa mwiko, usikunje. Tuma picha ya huyo wa mabaka.