Posa ya Neema (familia tu)

JUMANNE

Shangazi Foibe, 18:41
Mbukwenyi wote. Someni mpaka mwisho jamani, msiweke dole gumba mkapita. Mshenga wa upande wa Songea kanipigia leo. Wanataka kuleta barua ya posa Jumamosi tarehe 14, watu wanane, na jibu analitaka Ijumaa hii. Njia yenyewe mnaijua: Njombe, Iringa, Mtera ndiyo waingie Dodoma. Hawawezi kukaa wanatusubiri.

Shangazi Foibe, 18:43
Tunawapokelea kwa Baba Neema, Nkuhungu. Nani ataongea kwa niaba yetu? Mahari tunataja ngapi? Mchango 40,000 kila nyumba, tumeni kwangu. Mimi nimeshatoa.

Dani, 19:20
Shikamoo shangazi. Jumamosi si mnada Msalato? 😩

Shangazi Foibe, 19:21
Marahaba. Mnada upo kila Jumamosi. Dada yako anaposwa mara moja.

Dani, 19:22
Basi tuwapeleke mnadani hukohuko. Mngoni akishaonja mbuzi wa Msalato mahari anaongeza mwenyewe

Eze Mvumi, 19:25
😂😂 na waje na ulanzi

Perusi, 19:31
Ulanzi utoke Songea kwa basi? Utafika unaongea

Shangazi Foibe, 19:32
Nimeuliza nani ataongea.

JUMATANO

Shangazi Foibe, 06:02
Wote mmesoma, naona alama. Mpaka sasa nimejibiwa mbuzi na ulanzi. Nani ataongea?

Mama Neema, 06:40
Wifi, umeamkaje. Mimi nina swali. Kijana mwenyewe yuko Berberati. Tunapokea posa ya mtu ambaye hayupo?

Shangazi Foibe, 06:44
Wifi, posa inaletwa na wazee, si mposaji. Ndivyo ilivyokuwa hata kwako.

Mama Neema, 06:58
Kwangu mposaji alikuwa anachunga ng'ombe ng'ambo ya korongo, ningetaka kumwona ningemwona. Huyu yuko Afrika ya Kati analinda amani. Mimi tangu vijana wetu wauawe Semuliki, Desemba 2017, nikisikia neno doria silali. Sikatai posa. Nasema nataka kumwona amerudi mzima kwanza.

Perusi, 07:10
Mama, Semuliki ni Kongo. Shemeji yuko nchi nyingine kabisa

Mama Neema, 07:12
Najua mwanangu. Nimejifunza mpaka mto unaozitenganisha, unaitwa Ubangi.

Baba Mdogo Stefano, 12:15
Samahani nilikuwa shambani. Mahari tutaje ng'ombe 10 na mbuzi 5. Mtoto ni muuguzi, tena koplo, ana V mbili mkononi. Tusijishushe.

Mjomba Lazaro, 13:37
Hao ng'ombe 10 watagawanywaje?

Baba Mdogo Stefano, 13:40
Kama kawaida shemeji.

Mjomba Lazaro, 13:41
Kawaida ipi? Ile ya Perusi?

Mjomba Lazaro, 13:46
Nauliza kwa upole tu. Kwetu Wagogo upande wa mama una fungu lake, hilo halihitaji kikao. La Perusi mpaka leo liko njiani. Au niziulize bati za Hombolo?

Baba Mdogo Stefano, 13:47
Hilo tulishalimaliza Lazaro

Mjomba Lazaro, 13:47
Mlilimaliza ninyi.

Perusi, 13:52
Naomba jina langu litoke humo tafadhali. Nina watoto wanaosoma

Dani, 13:53
Bati gani tena hizi 👀

Shangazi Foibe, 13:54
Dani nyamaza. Stefano, Lazaro, nipigieni. Mambo haya si ya humu.

Baba Mdogo Stefano, 14:01
Ujumbe huu umefutwa

Shangazi Foibe, 17:30
Mchango umetoa Perusi peke yake. Na mwenye posa yuko wapi? Neema?

Neema, 21:50
Shikamooni wazee wangu. Nilikuwa zamu, simu tunaziacha kabatini. Nimesoma yote.

Neema, 22:04
Naomba niseme kwa urefu kidogo kwa sababu wengi hamumjui. Nilipokuwa Lugalo, hospitali ya jeshi Dar, nasomea uuguzi yeye alikuwa dereva wa ambulensi. Nilipohamishiwa huku tuliishi kwa simu tu, mpaka treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma 2024. Akipata siku moja ya mapumziko anapanda ya asubuhi Dar, tunakula mchana pale karibu na stesheni, jioni anarudi. Baba alimwona mara moja, akamsifu kwamba hana maneno mengi. Kisha akapangwa kwenda na kikosi.
Kule wako nyuma yetu saa mbili. Mimi nikitoka zamu saa 3 usiku kwake ni saa 1, ndiyo muda wanaopata intaneti, na wanaigombania wengi. Wakienda doria hapatikani. Anachofanya ananiachia ujumbe wa sauti kabla hajaondoka, mrefu, ananisimulia alichokula, barabara ilivyo matope, wanawake wa pale wanavyouza mihogo. Nausikiliza kidogo kidogo ili usiishe kabla hajarudi. Mama, na mimi silali. Sisi wawili tungekuwa tunaongea usiku badala ya kila mtu kukaa na wake.
Sasa jambo lenyewe. Alishaniuliza na nikakubali. Pete ililetwa na mwenzake aliyekuja likizo. Sijaivaa. Iko sandukuni. Tumekubaliana ataivalisha mwenyewe mbele yenu.
Na kuna kibali. Sisi sote ni askari, kila mmoja anaomba ruhusa ya ndoa kwa mkuu wa kikosi chake. Bila kibali hakuna matangazo kanisani hata mkipokea ng'ombe mia.

Dani, 22:05
💍💍💍

Shangazi Foibe, 22:06
Pete? Tangu lini?

Neema, 22:07
Tangu Pasaka shangazi

Shangazi Foibe, 22:09
Tangu Pasaka. Nahangaika na mshenga, nahesabu sahani, kumbe pete iko sandukuni. Shangazi ndiye wa kwanza kuambiwa Neema. Kwetu iko hivyo. Wifi ulijua?

Perusi, 22:15
Shangazi, mimi ndiye nilimwambia asubiri. Usimkasirikie

Neema, 22:16
Nisamehe shangazi. Niliona nikisema mtapanga kila kitu kabla hajarudi. Na mimi nataka awepo.

ALHAMISI

Mama Neema, 05:30
Nilijua, wifi. Njoo nyumbani jioni tuongee. Neema mwanangu, leo ukitoka zamu nipigie hata kama ni usiku.

Eze Mvumi, 08:20
Shikamooni. Babu amenisomesha ujumbe wote tangu Juzi mpaka wa mama mkubwa wa asubuhi. Anasema niandike maneno yake kama alivyoyasema, nisipunguze:

Eze Mvumi, 08:26
"Barua waje nayo. Mgeni aliyetoka Songea hatumrudishi mlangoni. Wapewe maji, wapewe chakula, barua ipokelewe. Mahari haitatajwa siku hiyo. Itatajwa kijana akishakaa mbele yangu nikamwona kwa macho. Mtu anayelinda watoto wa wenzake huko mbali tunaweza kumsubiri. Pete ikae ilipo. Na ng'ombe wa Neema hata mmoja hataingia zizi la nyumba hii kabla ng'ombe wa Lazaro hajafika kwa Lazaro. Stefano, hili nakuambia wewe, na sitalirudia."

Eze Mvumi, 08:27
Ndiyo hayo. Amekwenda kwenye mizabibu.

Mjomba Lazaro, 10:48
Ahsante baba. Nimesikia. Mchango wangu nimetuma.

Shangazi Foibe, 10:55
Tumesikia baba.

Shangazi Foibe, 11:03
Basi tarehe 14 ni barua tu. Neema, anarudi lini kwa uhakika, nimwambie mshenga?

Neema, 13:15
Uhakika hatuna shangazi. Wanatarajia baada ya Nanenane, tarehe hawajaambiwa. Nimeongea naye usiku, amefurahi mno kuhusu barua. Anasema baba yake anaweza kuja na watu wanne badala ya wanane kama ni barua tu, ila baba mwenyewe bado hajaulizwa.

Shangazi Foibe, 13:18
Sasa ni wanne au wanane? Sufuria ni tofauti.

Dani, 13:20
Na maji? Nkuhungu mgao wetu Jumamosi hayatoki. Wageni wataoga wapi

Perusi, 13:24
Tujaze mapipa Ijumaa. Dani utaleta madumu

Dani, 13:25
Niwe mnadani au madumuni 😭

Eze Mvumi, 13:31
Tukiwapikia ugali wa uwele na mlenda watatuelewa?

Perusi, 13:33
Uwele lazima. Wajue wanaoa wapi

Shangazi Foibe, 13:40
Hayo baadaye. Stefano, umemsikia baba? Nataka jibu lako humu humu, walipo wote.

Shangazi Foibe, 15:12
Stefano.

Shangazi Foibe, 18:02
Haya. Ameona. Kesho ni Ijumaa, mshenga atapiga asubuhi na bado sina mtu wa kuongea kwa niaba yetu. Nilidhani ataongea Stefano. Sasa hali mnaiona. Baba Neema, kaka yangu, tangu Juzi hujaandika hata herufi. Mtoto ni wako. Nimwambie nini mshenga?

Baba Neema, 20:47
Sawa

Shangazi Foibe, 20:47
Sawa nini kaka?