Maji machungu ya Gongoni: tuyatoe magnesiamu au tuyaache?

Ukitoka Malindi kwa barabara ya Garsen, ukishapita Mambrui na kuingia Gongoni, mabwawa ya chumvi yanaanza, nayo yanakufuata hadi Marereni na Kurawa. Chumvi nyingi ya Kenya inatoka huko. Ninachotaka tujadili ni kile kinachobaki chumvi ikishakusanywa.

Maji ya bahari yakianikwa mpaka yakabaki kama sehemu moja ya kumi, chumvi ya mezani huanza kuganda. Ikiondolewa, hubaki maji mazito yenye utelezi, na ukiyagusisha ulimi ni machungu. Uchungu huo unatokana na magnesiamu. Lita 1,000 za bahari zina takriban kilo 27 za chumvi ya mezani na kilo 1.3 za magnesiamu. Kwa hivyo kila tani ya chumvi inayopakiwa kwenye lori imeacha nyuma karibu kilo 48 za madini, nayo yanahesabiwa kuwa taka.

Swali langu: je, viwanda vilazimishwe kuyatoa madini hayo kabla ya kumwaga maji, na wenyeji wapate fungu lao? Mimi nasema ndiyo, lakini tuishie kwenye unga, tusikimbilie metali.

Njia yenyewe ni ya zamani. Kule Freeport, Texas, kampuni ya Dow ilianza kutoa magnesiamu baharini mwaka 1941, ikitumia chokaa ya makombe ya chaza. Chokaa ikitiwa majini, magnesiamu inatuama chini, tope jeupe. Tope likichujwa na kuchomwa linakuwa unga wa kutengenezea matofali ya tanuri na wa kuongeza kwenye chakula cha mifugo. Kutoka unga hadi metali ndipo pesa zinapoteketea: magnesiamu igeuzwe kloridi, iyeyushwe kwenye joto la nyuzi 700 hivi, kisha ipitishwe umeme, zaidi ya yuniti 10 kwa kila kilo. Hata Freeport waliacha mwaka 1998, na leo sehemu kubwa ya magnesiamu ya dunia inatoka China. Kwa bei yetu ya umeme hatuwawezi. Unga tunauweza.

Mchangiaji, Marereni: Ndugu yangu, umeanzia mwisho. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuja huku Magarini ikatusikiliza kuhusu viwanda hivi: mashamba, visima vilivyogeuka chumvi, mikoko, ujira. Ripoti ikatoka 2006. Wako waliosimama mbele ya tume ile ambao mpaka leo wanadai ardhi. Sasa kiwanda kikipewa mali ya pili juu ya ardhi ile ile, kitaondoka lini?

Halafu hiyo chokaa. Kila kilo ya magnesiamu inataka zaidi ya kilo mbili za chokaa. Na chokaa huchomwa tanurini: mtaichoma kwa kuni gani, kama si mikoko iliyobaki? Mimi navua kaa kwenye hori. Kaa anakaa shimoni, kwenye tope la mizizi ya mkoko. Nimetia ndoano ya kijiti kwenye shimo baada ya shimo, yote matupu, na tope juu yake limefanya ukoko mweupe. Hilo ndilo linalonihusu, unga wenu sijui.

Mchangiaji, Barani: Mbona mnang'ang'ania unga? Kwenye maji hayo mna lithiamu ya betri! Pesa ziko hapo, na sisi vijana tunataka kazi.

Mwanzisha mjadala: Mdogo wangu wa Barani, kazi ni haki yako, lakini hesabu haikubali. Lita moja ya bahari ina lithiamu miligramu 0.17 hivi. Lita milioni moja zina gramu 170. Hata maji yakikolea mara thelathini, utapata kama miligramu 5 kwa lita, na kule Atacama, Chile, maji ya chumvi yana zaidi ya 1,000. Akija mtu na karatasi za lithiamu ya Gongoni, mwonyesheni hesabu hii kabla hamjatia saini chochote.

Kaka wa Marereni, hoja ya chokaa naichukua iwe sharti la kwanza: hakuna tanuri la kuni, na mawe yatoke kwenye machimbo yenye leseni, si kwenye matumbawe. Sharti la pili ni maji yenyewe. Yakishatolewa magnesiamu bado ni makali, yamejaa kloridi ya kalsiamu, kwa hivyo yasifunguliwe kwa mkupuo mdomoni mwa hori. Yachanganywe kwanza na maji ya bahari, kidogo kidogo. Na kuhusu fungu letu, Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii. Iandikwe ndani ya leseni kwamba magnesiamu hii inaingia humo, kusiwe na wakili wa kutuambia baadaye kwamba maji ya bahari si mgodi.

Mchangiaji, Marereni: Asilimia 10 kwa jamii ipi? Ile iliyohamishwa au ile iliyokuja baadaye kutafuta kibarua? Orodha ya wanaodai ardhi iwekwe mezani kwanza. NEMA, wale wa mamlaka ya mazingira, wakiita kikao cha mradi huo nitakuja, lakini bila orodha ile nitasimama upande wa kukataa.