KALRO, Umwagiliaji, kaunti au mkataba wa mbegu: njia ipi inafaa kwa mtaji mdogo?

Kijana wa Njoro
Wakubwa, salamu kutoka Njoro. Tuko vijana wanne, kampuni tumesajili, cheti cha AGPO (mpango wa kutengea vijana, akina mama na watu wenye ulemavu sehemu ya zabuni za serikali) cha vijana tunacho. Mtaji ni laki nne na ushee, na tuna pickup ya binamu. Tunataka kufanya biashara na serikali upande wa kilimo, na tunaona njia nne. Ya kwanza ni kotesheni, yale maombi ya bei ya manunuzi madogo, za taasisi ya kitaifa kama KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, maana kituo chao kiko hapa hapa kwetu. Ya pili, kazi za mifereji za Mamlaka ya Kitaifa ya Umwagiliaji huko Ahero, ambako mmoja wetu ana wajomba. Ya tatu, idara ya kilimo ya kaunti. Ya nne, tuachane na kusapla, tukodi shamba tulime mbegu kwa mkataba na kampuni ya mbegu ya Kenya Seed. Mtaani kila mtu ana ushauri, na wengi wao hata LPO, ile hati ya oda ya serikali, hawajawahi kuishika. Aliyepita huku atulinganishie tafadhali.

Bwana Fuso
Laki nne na serikali? Kijana, nunua ng'ombe.

Mzee Ankara
Bwana Fuso, usimvunje kijana moyo. Mimi nilikaa ofisi za ununuzi mpaka nikastaafu, kwa hiyo nitaeleza mambo yalivyoonekana kutoka upande ule mwingine wa meza.

Watu hulinganisha taasisi kwa ukubwa wa tenda. Nawaomba mlinganishe kwa kusubiri: mali ikishashushwa, nani atasubiri, na atasubiri kwa pesa ya nani? Tufanye hesabu. Umepata kotesheni ya 480,000. Mali imekugharimu 400,000, faida ni 80,000. Mali ikiuzwa kwa taasisi ya umma hukatwa asilimia 0.5 ya kodi ya zuio, yaani 2,400. Zimebaki 77,600. Sasa sema ile laki nne umekopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Kila mwezi unaopita unakula 12,000. Ukilipwa mwezi wa pili, umeondoka na 53,600 na unacheka. Ukilipwa mwezi wa sita, mkononi kuna 5,600, na mafuta ya gari sijayagusa. Mwezi wa saba unaanza kuilipa serikali ili ikae na pesa yako.

Sheria yenyewe haina ubaya. Sheria ya Ununuzi ya 2015 inamkataza afisa mhasibu kuanzisha ununuzi kabla hajaridhika kwamba fedha zimo kwenye bajeti, na kifungu cha 140 kinakupa haki ya riba malipo yakichelewa. Lakini kuwemo kwenye bajeti ni ruhusa ya kutumia tu. Pesa yenyewe husubiri Hazina iitoe. Na hiyo riba, sapla mdogo huiogopa kuidai kwa sababu anatamani kotesheni ya mwaka ujao.

Ndiyo maana, kabla hujaweka bei, uliza kwa upole: hii inalipwa kutoka mfuko gani? Taasisi ya utafiti huwa na zaidi ya mfuko mmoja: mgao wa serikali, mapato yake yenyewe, na miradi ya wafadhili. Kama ni mradi ambao pesa zake zimeshaingia akauntini, utalipwa mapema kuliko yule anayesubiri mgao. Jengo ni lile lile, afisa ni yule yule, lakini subira ni mbili tofauti.

Mama Vifaranga
Mulembe wote. Mimi niko upande wa Kakamega na nitazungumzia kaunti, kwa sababu naona kijana ameitaja haraka haraka kama kitu chepesi.

Kaunti ina mvuto wake. Sheria inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 20 ya ununuzi kwa wakazi wake, mbali na ile asilimia 30 ya AGPO ya vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Kwa hiyo mlangoni hamtakuwa wengi mno. Na vitu wanavyonunua ni vile tunavyovijua: vifaranga, mizinga ya nyuki, miche ya parachichi, mashine za kukatia nyasi.

Taabu ni kwamba nusu ya vitu hivyo vinapumua. Karatasi inasema vifaranga wa kienyeji walioboreshwa, umri wa mwezi mmoja, wamechanjwa Newcastle na Gumboro. Unawalea, mwezi unatimia. Halafu siku ya kupeana inasogezwa kwa sababu mheshimiwa anataka kuwepo. Sogeza wiki moja, sogeza ya pili. Kifaranga wa wiki sita anakula kuliko wa wiki nne, jamani! Chakula ni chako, vifo ni vyako, na kamati ya ukaguzi ikifika inaweza kuwakataa kwamba umri umepita uliotajwa. Jirani yangu alipatwa na hayo kwa kaunti moja ambayo siitaji. Baadaye aliuza sokoni kwa bei ya kutupa, na wale waliopokelewa bado anafuatilia malipo yao.

Miche ni afadhali kidogo lakini nayo inataka maji kila siku. Kwa hiyo ukienda kaunti, chagua kitu kinachoweza kukaa stoo bila kula. Mizinga, magunia, mabomba ya kunyunyizia dawa. Kama ni lazima viwe viumbe hai, tarehe ya kupokea iandikwe ndani ya LPO, na usiatamishe yai hata moja kwa ahadi ya simu.

Kijana wa Njoro
Mama, umetuokoa. Sisi tulikuwa tunafikiria vifaranga hasa, kwa sababu KALRO Naivasha wanazalisha wale walioboreshwa na si mbali na sisi.

Nyar Ahero
Mifereji nitaimaliza haraka. Kazi ya ujenzi, hata ya kuzibua na kukarabati mfereji, inataka usajili wa NCA, mamlaka ya ujenzi, na ninyi hamjautaja. Ahero maji yanapandishwa kwa pampu kutoka mto Nyando, West Kano yanatoka ziwani. Mifereji inajaa tope na kazi haikosekani. Lakini mifereji midogo ya mashambani kwa kawaida hutunzwa na vyama vya wakulima wenyewe, na ile mikubwa inataka eskaveta. Mna eskaveta? Basi kwa sasa ombeni huduma na vifaa, msiombe ujenzi. Wajomba wa mwenzenu watawapa chai tu, tenda haitoki kwa wajomba. (Ikitoka huko, EACC, wale wa kupambana na ufisadi, wana ofisi Kisumu.)

Lingine ambalo watu wa AGPO hawalijui: zabuni ikidai dhamana ya zabuni, msikimbilie benki. Makundi yaliyotengewa hujaza fomu ya tamko tu. Kuna vijana wanaolipia dhamana ambayo sheria imeshawaondolea.

Wa Kitale
Nimesoma nikisubiri mtu aguse mbegu. Huo si ununuzi wa kotesheni hata kidogo, ni ndoa.

Kenya Seed iko hapa Kitale tangu 1956, na mbegu nyingi hukuzwa na mashamba ya ADC, shirika la serikali la maendeleo ya kilimo, pamoja na wakulima wa mkataba. Unapewa mbegu za wazazi, dume na jike, unapanda kwa mistari kwa mpangilio wao. Mbelewele, yale maua ya kileleni, za mistari ya jike lazima zing'olewe zote kabla hazijamwaga unga wa kuchavusha. Zote, ndugu yangu. Ni kazi ya watu wengi kwa siku chache, na mvua haingoji. Mkaguzi wa KEPHIS, shirika la ukaguzi wa mimea na mbegu, akikuta jike zimeachwa na mbelewele zao, shamba linaweza kukataliwa, na mahindi yako yanarudi kuwa ya kusaga kwa bei ya kusaga.

Kuna na suala la majirani. Shamba la mbegu linataka kutengwa na mahindi mengine kwa umbali uliowekwa, la sivyo upepo unaleta unga wa kigeni. Kukodi ekari chache Njoro katikati ya watu wanaopanda mahindi ya kula kila upande ni kujitafutia kesi na kila boma. Waliofaulu huku ni wenye mashamba makubwa, au majirani waliokubaliana wote kupanda aina moja.

Faida yake ni kwamba soko unalijua kabla ya kupanda, na bei hushinda ya mahindi ya kawaida. Lakini usidhani umekwepa kule kusubiri anakosema Mzee Ankara. Ukishusha mzigo, mbegu bado inapimwa na kuchambuliwa ndipo hesabu ifungwe. Unganisha na miezi ya shambani uone pesa yako imelala muda gani.

Kama roho yenu iko kwenye mbegu, na mko Nakuru, ulizieni viazi. ADC Molo wanazalisha mbegu ya viazi na Molo si mbali. Mnunue mbegu safi, mpande, mwendelee kuzidisha chini ya ukaguzi wa KEPHIS na kuuzia wakulima wenyewe. Mkulima wa Mau Narok hulipa siku anayobeba gunia.

Bwana Fuso
Sawa, mzaha kando. Mnaongea kana kwamba serikali hununua tu. Serikali pia inauza!

Sheria hiyo hiyo ya 2015 ina jina refu: ununuzi na uondoaji wa mali. Taasisi za kilimo zina mashamba na mifugo. Zinatangaza ng'ombe waliozeeka, nyasi kavu, magari mabovu, vyuma chakavu, matairi. Unaenda kutazama siku waliyopanga, unaweka amana, unaandika bei yako. Ukishinda unalipa, unabeba. Ukishindwa unarudishiwa amana. Hapo hakuna LPO wala hesabu za mwezi wa saba. Mimi nyasi za kuuzia wafugaji wa Bahati nazipata kwa njia hiyo, na laki nne inatosha kabisa. Ndiyo maana nilisema ng'ombe, mkaona ni dharau.

Angalizo: mali huuzwa jinsi ilivyo, na una siku chache za kuiondoa. Usinunue trekta kwa kuangalia rangi.

Nyar Ahero
😂 Leo Bwana Fuso amesema neno.

Kijana wa Njoro
Sikujua hilo la kuuza kabisa. Mzee Ankara, swali: hizi kotesheni mtu anazipataje? Tunaingia tovuti ya tenders.go.ke kila jioni, tunaona zabuni kubwa kubwa tu.

Mzee Ankara
Kwa sababu kotesheni nyingi hutumwa kwa walio kwenye orodha ya wasambazaji, wasiopungua watatu. Kwa bidhaa, njia hiyo hutumika hadi milioni 3. Kama humo kwenye orodha, hutaalikwa hata uwe hodari namna gani. Matangazo ya usajili huo hutoka sana mwezi wa 5 na wa 6, kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai. Yatazame kwenye gazeti la MyGov, hutoka Jumanne, na kwenye tovuti ya taasisi yenyewe. Ombeni aina chache mnazoziweza. Kampuni inayojaza kwamba inauza karatasi, dawa za maabara, matairi na chakula cha mikutano inajulikana mara moja.

Nendeni pia ofisi ya ununuzi ya kituo, mvae nadhifu, mwulize kipi hununuliwa kituoni na kipi makao makuu. Kituo cha ngano kama Njoro mahitaji yake hufuata msimu. Ndiko aina za ngano kutoka nchi nyingi hupimwa dhidi ya ugonjwa wa kutu ya shina, ile aina ya Ug99. Kazi kama hiyo inakula mifuko, lebo na nyavu za ndege.

Kingine, Juni. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30. LPO ikikufikia katikati ya Juni, peleka mali upesi na ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi) siku hiyo hiyo, au uwaombe waitoe upya Julai. Ankara iliyovuka mwaka inageuka kuwa deni la zamani, na deni la zamani huanza kwa kuhakikiwa.

Mama Vifaranga
Na yule anayepiga simu akisema yeye ni afisa ununuzi, kuna tenda ya haraka ya dawa ya mifugo, inauzwa na mtu mmoja tu Nairobi, tuma pesa leo? Msichukue hata kama anajua jina la kampuni yenu. Majina yako kwenye orodha, kila mtu anayaona. LPO huchukuliwa ofisini.

Kijana wa Njoro
Asanteni sana. Tumekaa kikao jana usiku. Usajili wa kituo tutaomba, magunia na nyavu tu. Kaunti tumeweka kando mpaka tupate mtaji wa kusubiri. Mbegu ya mahindi tumeachia wenye mashamba. Wiki ijayo tunakwenda na Bwana Fuso kutazama nyasi zilizotangazwa.

Swali la mwisho kwa Mzee. Rafiki yetu tayari ana kotesheni inayosema "magunia bora ya nafaka", basi. Haisemi ya katani au ya plastiki, wala kilo ngapi. Aweke bei gani?

Mzee Ankara
Asiweke bei yoyote bado. Aandike barua au barua pepe kwa ofisi ya ununuzi kabla ya tarehe ya mwisho, aulize nyenzo, ujazo na kama yanataka alama ya KEBS, shirika la viwango. Jibu wanapaswa kulipeleka kwa walioalikwa wote, kwa hiyo hatapoteza chochote. Akikisia katani na mwenzake akakisia plastiki, mwenzake atakuwa chini kwa bei na atachukua. Na akikisia plastiki akashinda, kamati ya ukaguzi inaweza kusema ilitaka katani. Mwambieni aulize leo. Ijumaa ofisi nyingi hufunga mapema kuliko saa ya ukutani.