Pembe ya karatasi ya babu haipo: ni kweli alifukuzwa manowari?

BintiLangoni

Assalaam aleikum jamaa. Swali langu ni la karatasi, lakini lazima nianze na kasha.

Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka jana hapa Lamu, Langoni. Wiki iliyopita mimi na mama tukafungua kasha lake. Chini kabisa, chini ya leso ambazo hajapata kuzivaa, tukakuta mkebe wa biskuti ulioshika kutu mpaka umetoboka. Ndani mna nishani tatu na karatasi nene iliyokunjwa. Mbili ni nyota za ncha sita, rangi ya shaba: moja imeandikwa 1939–1945, ya pili Africa Star, na kitambaa chake ni rangi ya mchanga chenye mstari mwekundu katikati. Ya tatu ni ya mviringo, nyeupe kama fedha, ina simba amemkanyaga joka. Hakuna iliyoandikwa jina la mtu.

Karatasi ni cheti cha utumishi wa wanamaji, kwa Kiingereza. Jina la babu, Lamu, mvuvi, urefu wake, kovu la kidevuni (lile kovu nalikumbuka!). Aliingia Septemba 1940, akatoka 1946. Kila mwaka mstari mmoja wa wino, na kila mstari una herufi V.G. Kazi: mpishi.

Sasa shida. Pembe ya chini, upande wa kulia, haipo. Mjomba wangu aliyeko Faza tangu zamani husema babu alikuwa "mpishi tu", tena alifukuzwa, ndiyo maana hakupata hata senti. Anasema alisikia barazani akiwa kijana kwamba mwanamaji akifukuzwa kwa aibu hukatwa pembe ya karatasi yake. Nadhani bibi naye aliyasikia hayo, ndiyo akaizika chini ya leso. Mama alipoiona ile pembe hakusema neno, akaenda kuketi uani.

Babu alipofariki nilikuwa na miaka sita. Ninalolikumbuka ni kwamba alipika pilau la Maulidi, masufuria makubwa, bila kuonja hata mara moja, na kila jioni alisugua meza ya jikoni kwa maji ya chumvi. Tulidhani ni wazimu wa uzee.

Hili la pembe ni kweli au ni maneno ya barazani?

Kaskazi_Malindi

Pole kwa msiba, dada. La pembe silijui, wenye ujuzi watakuja. Nataka tu kumwambia mjomba wako kwamba mwaka 1940 haukuwa mwaka wa mchezo huku pwani. Ndege za Mtaliano zilikuja kuangusha mabomu hapa Malindi, mwezi wa Oktoba. Bibi yangu mimi alikuwa mtoto, akifichwa chini ya kitanda, na mpaka anakufa akisikia ndege ya watalii inashuka alikuwa anatazama juu kwanza. Kijana aliyejiandikisha mwezi mmoja kabla ya hapo alijua anakokwenda. Mpishi au si mpishi.

KaratasiKuukuu

Wa aleikum salaam. Nitajibu kama mtu aliyeshika karatasi za namna hii nyingi kidogo.

Kwanza pembe, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Mjomba hakudanganywa. Vyeti vya utumishi vya wanamaji wa Kiingereza vilikuwa na maagizo hayo yamechapwa juu yake: mtu akitolewa kwa tabia mbaya au kwa aibu, pembe ikatwe. Sasa tazama mambo mawili. V.G. ni alama ya tabia, "njema sana", na ilitolewa kila mwisho wa mwaka. Mtu mwenye V.G. mpaka mstari wa mwisho halafu akatwe pembe? Inawezekana akaharibu siku za mwisho, lakini ingeandikwa. La pili: mkasi una mkato wa mkasi. Ukingo wake huwa umenyooka kama rula. Mkebe wako umetoboka, na Lamu ina mchwa, ina mende, ina panya, ina kila kitu. Ichukue karatasi mchana, ikunje tena jinsi ulivyoikuta, utazame ukingo kwa karibu. Usiseme lolote kwa mjomba kabla ya hapo.

Nishani kutokuwa na jina kusikutishe. Uingereza iliamua kutoziandika majina zile za vita vya pili, na wanamaji walitakiwa waziombe wenyewe baada ya vita. Wengi hawakuziomba. Babu yako aliziomba. Mtu aliyefukuzwa kwa aibu huandika barua kuomba nyota?

Na hili la "mpishi tu": nyota ya 1939–1945 kwa mwanamaji ilitaka miezi 6 chomboni, kwenye maji ya vita. Hakuna nyota ya wapishi na nyota ya wapiga mizinga, ni moja. Ile ya Afrika wengi hudhani ni ya jangwa la Misri na Libya peke yake, lakini waliohudumu baharini kusaidia vita vya Somalia na Abisinia (Ethiopia), kuanzia Juni 1940 hadi Novemba 1941, nao walihesabiwa. Kismayu ilitekwa tarehe 14 Februari 1941. Kutoka Lamu, Kismayu ni jirani. Babu yako huenda alipita mlangoni kwao akiwa anapika chai.

Mahali pa kutafuta: usiende Mtongwe, kambi ya jeshi la majini la Kenya kule Mombasa. Vijana wa pale watakupokea kwa heshima lakini jeshi lao la majini limezaliwa 12 Desemba 1964. Babu yako alikuwa katika wanamaji wa akiba wa Kenya, walioanzishwa Mombasa 1933. Hao mwaka 1950 waliingizwa katika jeshi la majini la Afrika Mashariki, nalo likavunjwa 1962. Kwa hiyo anza na Nyaraka za Taifa, Nairobi, uulize majalada ya Mkoa wa Pwani ya miaka ya vita. Nenda na namba iliyo juu ya cheti, si jina. Majina yetu makarani waliyaandika walivyosikia.

Tafadhali, msizisugue nishani.

AmiShela

Mwanangu BintiLangoni, mimi ni mtu wa Shela, mzaliwa wa 1952, na kuandika kwa simu kunanichosha, lakini hili siwezi kulipita.

Baba yangu naye alikuwa manowari. Sisi hatukusema "nevi", tulisema fulani yuko manowari, basi. Alikwenda Mombasa na jahazi la nguru mkavu mwaka 1942, ana miaka kumi na minane, akakuta Kilindini imejaa meli za vita hata maji hayaonekani. Wajapani walikuwa wameshaipiga Colombo, na Waingereza wameihamishia manowari zao kwetu. Nguru akauzwa, jahazi likarudi Lamu bila yeye. Bibi yangu alimlilia kama maiti.

Hakupiga mzinga hata siku moya. Alitiwa katika boti ya kamba. Kazi yake, meli ikitaka kuondoka, ile boti huenda mpaka kwenye boya, yeye anapanda juu ya boya, boya linacheza, lina utelezi wa mwani, anangoja. Ofisa akipiga kelele "letigo!" yeye anaifyatua kulabu na kamba inaanguka majini. Hiyo ndiyo vita yake, miaka mitatu na zaidi. Alikatika nusu ya kidole cha shahada kwa ile kulabu.

Nyumbani "letigo" ilikuwa neno letu. Mama akitundua chandarua, letigo. Mbuzi akifunguliwa, letigo. Watoto wa mtaa walimwita Mzee Letigo mbele yake, na alikuwa anacheka.

Lakini baada ya vita alirudi kwenye majahazi, akawa nahodha, akipeleka boriti Uarabuni kila mwisho wa kaskazi mpaka serikali ilipozuia biashara ya boriti mwaka 1982. Na miaka yote ile hakufungua kamba ya chombo kinachoondoka. Chake wala cha mtu. Atapandisha tanga, atashika sukani, atatia maji kwenye pipa, kamba atamwambia mtu. Mimi nilikuwa mtoto wa chomboni mwake nikadhani ni ukubwa wa nahodha. Siku moya pale Matondoni hapakuwa na mtu ila mimi na yeye, nami niko chini nimeshika boriti, nikamwambia baba, fungua. Akaketi. Mashua ikakaa pale mpaka akapita mvuvi, akamuomba.

Usiku ule ndipo aliponambia, mara moya, hakurudia. Februari 1944 meli za askari zilitoka Kilindini tano kwa mpigo. Moja ni Khedive Ismail. Ndani mna watu 1,511: wapiga mizinga wetu wa Afrika Mashariki waliokuwa wakipelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo), mabaharia, na wauguzi wanawake. Alisema vijana wa mizinga walikuwa wanaimba, na mmoja alimtupia sigara kutoka juu, ikaanguka majini, wote wakacheka. Ofisa akasema letigo. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga topido mbili, na meli haikukaa hata dakika mbili juu ya maji. Walikufa 1,297. Manowari za ulinzi ikabidi zirushe mabomu ya kina pale pale walipokuwa wakielea waliosalia, kwa sababu nyambizi ilikuwa chini yao. Wapiga mizinga wale majina yao yako katika mnara wa makaburi ya vita Nairobi. Baba hakwenda kuuona. Nilimpeleka Nairobi kwa macho mwaka 1994, nikamwambia ni karibu, akasema tumpishe daktari kwanza, na baada ya daktari akasema amechoka.

"Mimi ndimi niliyeifungua," alisema. Nikamwambia baba, ungeifungua wewe au mwingine. Akanitazama kama nimesema upuuzi, na kweli nilikuwa nimesema upuuzi.

Kuhusu senti, mwambie mjomba asimhukumu babu yako kwa hilo. Baba alikwenda ofisi moja Mombasa mara tatu kuuliza haki yake, na karatasi nzima, pembe zote nne. Mara ya tatu karani akamwambia vita vimekwisha na faili limekwisha. Nauli ya mabasi na mashua ilikuwa imeshazidi alichokuwa anakidai.

Na ile meza ya maji ya chumvi si wazimu, mwanangu. Manowari husuguliwa hivyo kila siku, jiko kwanza. Baba alisugua baraza letu.

BintiLangoni

Ami, nimesoma maneno yako nikiwa jikoni, mbele ya meza yenyewe. Shukrani haitoshi.

KaratasiKuukuu, nimefanya ulivyosema. Asubuhi nimeipeleka juani, darini. Ukingo haukunyooka. Umekatika vishimo vishimo, kama jani la mchicha lililoliwa na kiwavi, na una vumbi la udongo linalotoka ukiligusa. Halafu nikaikunja ilivyokuwa. Ile pembe ndiyo iliyokuwa nje, imelalia pale pale mkebe ulipotoboka. Na ukurasa uliokuwa chini yake una alama ya njia ya mchwa, nyembamba, inaanza kwenye pembe na kufa kwenye mstari wa 1943. V.G. ya mwaka huo imeliwa V, imebaki G.

(Kuhusu kusugua: umechelewa. Mama ameshaisugua ile ya simba kwa ndimu na majivu, inang'aa kama kijiko.)

Nimempigia picha mjomba, ukingo peke yake, kwa karibu, nikamtumia bila maneno. Alama mbili za buluu tangu saa tatu, hajajibu. Jioni hii amepiga, si kwangu, kwa mama. Habari ya karatasi hakuitaja. Ameuliza nishani ni ngapi, na kama bado tuna lile sufuria kubwa la Maulidi. Anakuja Ijumaa, na boti ya asubuhi.